Vita vya Maghala: Namna Vita vya Msituni vya Uganda Vilivyoamuliwa, 1981 hadi 1986

Kila muhula ninapofundisha historia ya vita vya msituni vya Uganda, wanafunzi huniomba ramani inayoonyesha nani alishika mji gani na lini. Ramani hiyo haina msaada mkubwa kwa miaka minne ya mwanzo, kwa sababu katika kipindi hicho waasi hawakupigania miji, na miji michache waliyoingia waliiacha kabla jua halijatua. Walichopigania ni maghala ya silaha. Anayetaka kujua ni pigano gani lilikuwa kubwa na lipi lilikuwa dogo, na aanze kwa kuuliza bunduki ngapi zilibebwa siku ile. Swali la ardhi lina uzito wake pia, lakini zamu yake inakuja mwaka 1985.

Chanzo cha vita hivyo kinajulikana. Uchaguzi wa Desemba 1980, uliofanyika mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni kumwondoa Idi Amin, ulimrudisha Milton Obote na chama chake cha UPC madarakani. Wapinzani walidai kwamba kura zimechakachuliwa. Yoweri Museveni, ambaye chama chake cha UPM kilipata kiti kimoja tu na ambaye yeye mwenyewe alishindwa jimboni kwake, alikuwa amekwisha kutangaza kwamba uchaguzi ukiibwa ataingia msituni. Alfajiri ya tarehe 6 Februari 1981, kundi lake dogo lenye bunduki 27 lilivamia shule ya kijeshi ya Kabamba, upande wa Mubende.

Sherehe za kila mwaka nchini Uganda huiadhimisha siku hiyo kama mwanzo wa ukombozi. Kijeshi, shambulio lenyewe halikufaulu. Waliingia kambini kwa lori, risasi zikaanza kulia kwenye lango la walinzi mapema kuliko ilivyokusudiwa, na mlinzi aliyekuwa ndani ya ghala akapata nafasi ya kujiandaa. Ghala la Kabamba lilikuwa chini ya ardhi na njia ya kuingilia ilikuwa nyembamba, hivyo mtu mmoja mwenye bunduki na risasi za kutosha aliweza kuwazuia watu wengi walio juu yake, kwa kuwa kila aliyejitokeza mlangoni alikuwa shabaha. Hawakuwa na mabomu ya kulilipua. Waliondoka na magari na silaha chache, wakaelekea upande wa Luwero. Laiti ghala lile lingefunguka siku ile, naamini vita visingechukua miaka mitano.

Luwero ndipo walipojichimbia, katika eneo lililo kati ya barabara ya Kampala kwenda Gulu na ile ya kwenda Hoima. Ni uchaguzi wa ajabu kidogo, maana wapiganaji wa msituni kwa kawaida hujibanza karibu na mpaka wa nchi rafiki ili silaha na dawa ziwafikie. Luwero haina mpaka na nchi yoyote. Faida yake ilikuwa ukaribu wa mji mkuu, mashamba ya kahawa na migomba yanayoficha watu, pamoja na wakulima wa Buganda ambao hawakumpenda Obote tangu alipouvamia ufalme wao mwaka 1966. Juni 1981 kundi la Museveni liliungana na lile la Yusuf Lule, aliyewahi kuwa rais kwa siku 68 mwaka 1979, na hapo ndipo jina la NRA, yaani Jeshi la Upinzani la Taifa, lilipozaliwa. Libya ilitoa msaada kidogo. Kilichobaki kilipaswa kutoka mikononi mwa jeshi la serikali, UNLA.

Mwaka 1983 nusura mambo yawaishie. Serikali iliendesha operesheni kubwa, vijiji vikachomwa, na raia wengi wakahamishiwa kwenye makambi, huku wapiganaji na maelfu ya wananchi waliowafuata wakisukumwa kaskazini kwenye nyika kavu za wafugaji. Hata Kampala kwenyewe, misako ya panda gari ilizoa watu mitaani na wengine hawakuonekana tena. Makadirio ya waliokufa katika vita vyote yanatofautiana mno, lakini hata yale ya chini yanahesabu makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuwahi kushika silaha. Mwanahistoria anayeeleza mapigano bila kutaja haya anaandika nusu ya habari.

Tarehe 2 Desemba 1983 helikopta ilianguka, akafa Meja Jenerali David Oyite-Ojok, mnadhimu mkuu wa UNLA. Sisiti kuiita ajali hiyo tukio zito kuliko pigano lolote la mwaka ule. Oyite-Ojok alikuwa mtu wa kabila la Lango kama Obote, lakini askari wa Kiacholi, ambao walikuwa sehemu kubwa ya jeshi, walimheshimu kwa rekodi yake ya vita vya 1979. Nafasi yake ilikaa wazi kwa miezi kadhaa, kisha Obote akampa Smith Opon Acak, naye pia wa kabila la Lango, akiwaruka maofisa wa Kiacholi waliomtangulia. Kuanzia hapo manung'uniko kwamba Waacholi wanapelekwa Luwero kufa ili wengine wapandishwe vyeo hayakunyamazishwa tena.

Waasi hawakusubiri. Tarehe 20 Februari 1984, Salim Saleh, mdogo wake Museveni, aliongoza kikosi kilichotembea hadi Masindi, mbali na eneo ambalo UNLA ilikuwa ikiwatafuta, na kuivamia kambi ya huko. Walibeba bunduki zaidi ya 700. Tarehe 1 Januari 1985 Saleh huyo huyo alirudi Kabamba, na safari hii ghala lilifunguka, wakatoka na bunduki zaidi ya 600. Kwa jeshi lililoanza na bunduki 27, mapigano haya mawili ndiyo yaliyoligeuza kutoka kundi la kuvizia barabarani hadi jeshi linaloweza kusimama na kupigana mchana kweupe, kama lilivyofanya Kembogo mwezi Juni 1985 dhidi ya brigedi maalumu ya serikali. Wakati huo sehemu nyingine, chini ya Fred Rwigyema, ilikuwa imekwisha kufungua uwanja wa pili magharibi, kwenye milima ya Rwenzori.

Tarehe 27 Julai 1985 maofisa wa Kiacholi wakiongozwa na Bazilio Olara-Okello walimpindua Obote, na Jenerali Tito Okello akashika uongozi wa nchi. Mazungumzo ya amani yalifanyika Nairobi chini ya Rais Daniel arap Moi, na mkataba ukatiwa saini tarehe 17 Desemba. Kwa maoni yangu hakuna upande uliouamini. Wakati wajumbe wakibishana juu ya viti vya baraza, NRA ilikuwa imekwisha kuziba barabara ya Kampala kwenda Masaka kwenye daraja la mto Katonga.

Hapo ndipo ardhi ilipoanza kuwa na maana. Katonga ni mto wa kinamasi, upana wa mafunjo na matope ambamo gari haliwezi kupita isipokuwa juu ya tuta la barabara. Anayeshika mwisho mmoja wa tuta anamlazimisha adui aje kwa mstari mmoja, bila nafasi ya kutawanyika. Wasomaji wa Tanzania wenye umri wa kutosha wataikumbuka Lukaya, kusini kidogo ya hapo, ambako Machi 1979 majeshi yetu yalikabiliana na ya Amin pamoja na Walibya kwenye tuta la namna hiyo hiyo, na kilichosaidia sana ni brigedi moja kuzunguka mbali na kuwapiga kutoka nyuma. UNLA mwaka 1985 haikufanikiwa kupata mzunguko kama huo. Ilirudia mashambulizi ya uso kwa uso na kurudishwa, huku kambi ya Masaka, iliyozingirwa na kukatiwa chakula, ikisalimu amri mwezi Desemba pamoja na silaha zake. Nyuma ya mstari huo Museveni alipata miezi ya kuandikisha na kufunza vikosi vipya.

Mashambulizi ya mwisho yalianza tarehe 17 Januari 1986. Kampala ililindwa na makundi yasiyoaminiana, wakiwamo askari wa zamani wa Amin ambao Tito Okello aliwakaribisha, na ilianguka tarehe 26. Siku tatu baadaye Museveni aliapishwa. Askari wengi wa UNLA hawakutekwa; waliondoka kaskazini kupitia daraja la Karuma kwenye mto Nile na bunduki zao mabegani, wengine wakavuka hadi Sudan, na mwezi Agosti mwaka huo huo wakarudi nazo kuishambulia NRA katika nchi ya Waacholi.