Mbwa wa nyumba moja wanapopigana: dhana potofu na ukweli

Mbwa wanaofugwa pamoja hugombana juu ya vitu vichache vinavyojirudia: chakula, mfupa, mahali pa kulala, nafasi ya kupita mlangoni, na mtu wanayempenda anaporudi nyumbani. Anayechunguza ugomvi ulianzia wapi na juu ya nini huuzuia mapema kuliko anayetafuta mbwa yupi ni mkorofi. Tatizo ni kwamba ushauri mwingi unaosambaa humwelekeza mfugaji huko kwa mkorofi.

Dhana: Waache wamalizane wenyewe, watajuana nani mkubwa

Kama mbwa mmoja amenguruma na mwenzake akageuka akaenda zake, hapo kweli wamemalizana, usiingilie. Wakishikana meno ni habari nyingine. Aliyeumizwa hajifunzi heshima. Anajifunza kwamba mwenzake akisogea maumivu yanafuata, na siku nyingine huwahi kushambulia yeye. Aliyeshinda naye anajifunza kwamba meno yanaleta matokeo. Ndiyo maana pigano la pili huja haraka kuliko la kwanza, na la tatu huacha majeraha makubwa zaidi.

Imani ya "mkubwa wa kundi" ina historia yake. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel alichapisha uchunguzi wa mbwa mwitu (wale waitwao wolf kwa Kiingereza) waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, akawaeleza kama wanyama wanaogombania cheo. David Mech, mtafiti wa Marekani aliyechangia sana kueneza wazo la kiongozi anayetawala kwa nguvu, alilisahihisha mwaka 1999: kundi la mbwa mwitu porini kwa kawaida ni familia, baba na mama wakiwa na watoto wao, na hakuna vita vya cheo kila siku. Kwa hiyo kumlaza mbwa chali kwa nguvu ili "ajue nafasi yake" hakuna msingi, na kunaongeza hofu ndani ya nyumba ambayo tayari ina wasiwasi. Mbwa wanachohitaji ni utaratibu unaotabirika. Ukizoea kuita jina moja moja kabla ya kufungua mlango, kila mmoja anajua zamu yake itafika, na haoni haja ya kumsukuma mwenzake.

Dhana: Mbwa anayenguruma achapwe, dawa ya moto ni moto

Kunguruma ni onyo, na onyo ndilo linalokupa muda wa kutenganisha. Mbwa anayechapwa kila akinguruma huacha kunguruma, lakini kilichomkera bado kipo. Siku ya siku anauma bila sauti, na watu husema "amebadilika ghafla".

Kabla ya kunguruma huwa kuna ishara nyingine, na hapa ndipo mfugaji makini anapookoa ngozi za mbwa wake. Mtazame mbwa aliyelala na mfupa mwenzake anapopita karibu. Kwanza anaacha kutafuna. Mdomo unafungwa, shingo inakakamaa, kichwa kinashuka juu ya mfupa, na macho yanamfuata mpitaji bila kichwa kugeuka, weupe wa jicho ukionekana pembeni. Anaweza kulamba pua kwa haraka. Kule kuacha kutafuna na kutulia kama jiwe, hata kwa sekunde mbili, ndiyo dakika yako. Usipige kelele. Mwite yule anayepita kwa sauti ya kawaida, umzawadie kwa kuja, kisha ufunge mlango kati yao. Usimnyang'anye mwenye mfupa, maana utamthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuulinda.

Dhana: Akitikisa mkia amefurahi

Mkia uliolegea, unaoyumba pamoja na kiuno, ndio wa furaha. Mkia uliosimama juu, mgumu, unaotetema kwa haraka, ni wa mbwa aliyepandwa na jazba.

Dhana: Sinia moja huwafundisha kushirikiana

Sinia moja huwafundisha kula mbio na kulinda. Chakula ni sehemu rahisi kuliko zote kurekebisha. Kila mbwa awe na bakuli lake, mahali pale pale kila siku. Bora ni vyumba tofauti au banda lililofungwa. Kama nafasi ni moja, waweke angalau mita 3 mbali, wakipeana mgongo, na mtu asimame katikati hadi wamalize. Anayemaliza kwanza asiruhusiwe kwenda kukagua bakuli la mwenzake, kwani ugomvi mwingi huanzia kwenye bakuli tupu. Baada ya dakika 15 au 20 ondoa mabakuli yote, hata kama mmoja amebakiza.

Mifupa na vitu vya kutafuna vitolewe mbwa wakiwa wametenganishwa, na viokotwe kabla hawajakutana tena. Maji yawekwe sehemu mbili au zaidi, na malazi yazidi idadi ya mbwa kwa moja, yasiwe kwenye korido nyembamba ambako mmoja anaweza kumzibia mwingine njia.

Dhana: Ni mafahali wawili tu wasiokaa zizi moja, majike hayana shida

Mapigano ya nyumbani hutokea zaidi kati ya mbwa wa jinsia moja, na majike wawili wanaweza kupigana vikali kuliko madume. Kulelewa pamoja tangu utotoni hakuwakingi: wengi huanza kugombana wakiwa kati ya mwaka 1 na 3, wanapokomaa. Unapochagua mbwa wa pili, dume na jike waliohasiwa wote, waliopishana umri, ndio mchanganyiko wenye matatizo machache.

Kuhasi kwenyewe husaidia pale ugomvi unapohusu jike. Jike huingia kwenye joto takriban kila miezi 6, kwa wiki 3 hivi, na madume waliopatana mwaka mzima wanaweza kuraruana katika wiki hizo. Ugomvi wa chakula au wa hofu kuhasi hakuutibu.

Dhana: Wamepigana bila sababu

Anza kwa kutafuta maumivu. Jino bovu, sikio lenye usaha au nyonga zinazouma humfanya mbwa mpole asitake kuguswa, na mwenzake anayemrukia kwa mchezo hajui hilo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kumtafutia mafunzo.

Sababu nyingine ni jazba iliyokosa pa kwenda: mbwa wawili wanambwekea mpita njia kupitia uzio, hawamfikii, wanageukiana. Ziba uzio sehemu ya chini wasione nje, na usiwaache pale bila mtu.

Dhana: Wakipigana, shika mkanda wa shingo uwavute

Hivyo ndivyo mikono inavyoumwa. Mbwa aliye katikati ya pigano huuma kinachomgusa. Anza na kishindo kikubwa, maji mengi usoni, au blanketi juu ya vichwa. Ubao au kiti kikiingizwa katikati pia hufaa. Kama wapo watu wawili, kila mmoja ashike miguu ya nyuma ya mbwa mmoja, juu karibu na mapaja, na warudi nyuma kwa wakati mmoja wakizunguka kidogo upande ili mbwa asiweze kugeuka. Ikiwa mmoja ameng'ang'ania, usivute, maana nyama itachanika. Mtulize hapo hapo hadi aachie.

Kagua majeraha chini ya manyoya. Tundu dogo la jino refu huficha nyama iliyochanika ndani, na usaha hujitokeza baada ya siku chache. Mtu aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kinga ya kichaa cha mbwa.

Dhana: Wapatanishe papo hapo

Wakae mbali, bila kuonana, kwa siku 2 au 3 angalau, zaidi kama kuna vidonda. Kisha watembezwe nje ya nyumba, watu wawili, kamba zikiwa zimelegea, sambamba kwa umbali ambao hakuna anayemkazia mwenzake macho, tuseme mita 5. Punguza umbali siku kwa siku. Wakitembea karibu wakiwa wamelegea, waruhusu kunusana kwa sekunde 3, endelea na safari. Nyumbani waanze kwa kutenganishwa na wavu au geti, na wasiachwe pamoja peke yao kwa wiki kadhaa. Kama kila pigano linaacha vidonda vya kushonwa, au tofauti ya ukubwa ni kubwa mno, watenganishwe moja kwa moja kwa milango miwili, ili mmoja ukisahaulika wazi bado upo wa pili.