Msiba usio na matanga: kuishi na maumivu ya ugumba

Mama mmoja niliyemhudumia alikuwa na utaratibu wake. Kila mwezi akiona siku zake, anaingia bafuni, anafungulia maji kwenye ndoo, ndipo analia. Maji yakimiminika, mama mkwe aliyeko sebuleni hasikii kitu. Alifanya hivyo kwa miaka minne.

Kitaalamu, ugumba ni pale mume na mke wanapokutana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 na mimba isitunge. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mtu mzima 1 kati ya 6 hivi hupitia hali hii wakati fulani maishani. Katika daladala uliyopanda leo asubuhi, bila shaka walikuwamo.

Ugumu wa huzuni hii ni kwamba haina matanga. Mtu akifiwa, majirani hutandika mikeka, huchanga, hulala hapo. Lakini aliyechelewa siku nane, akaanza kuhesabu miezi kimoyomoyo, kisha akaona damu, nani atampa pole? Jioni hiyohiyo anatakiwa apike na acheke na wageni. Ndiyo maana jambo la kwanza ninalowaomba wanandoa ni kukubali kuwa wamefiwa na tumaini. Lieni, tena pamoja. Kulia si upungufu wa imani.

Na mzigo huu si wa mwanamke peke yake. Karibu nusu ya wanandoa wenye tatizo hili, mwanamume naye huwa na sababu upande wake. Hata hivyo, bado naona mke akiingia peke yake, bahasha ya vipimo mkononi, mume amebaki nje kwenye gari. Akina baba, nguvu za kiume ni jambo moja na mbegu ni jambo jingine. Unaweza kuwa na nguvu tele na mbegu zikawa chache au dhaifu. Huwezi kujua bila kupima, na kipimo chenyewe ni chepesi kuliko vingi anavyovumilia mkeo.

Halafu kuna ndugu. "Vipi, bado tu?" Hapa nina msimamo: kila mmoja ajibu watu wa kwao. Mama wa mume ajibiwe na mwanawe, si na mkwe. Kubalianeni jibu mapema, liwe fupi: "Mama, tunahudhuria hospitali wote wawili, kukiwa na habari tutakwambia." Ukialikwa kwenye arobaini ya mtoto na moyo haujawa tayari, tuma zawadi ubaki nyumbani. Huo si wivu.

Huzuni ikipita wiki mbili mfululizo, usingizi ukakata na chakula kikawa hakipiti, nenda kituo cha afya, uombe kuonana na mshauri nasaha. Ukianza kuwaza kujidhuru, nenda siku hiyohiyo, usiende peke yako.

Yule mama hatimaye alikuja na mumewe. Nilipomwuliza mwezi uliopita ulikwendaje, akasimulia habari ya ndoo. Mume alikuwa hajui. Alinyamaza kitambo, akamshika mkewe mkono, kisha akaniuliza kipimo chake kinafanywa siku gani.