Jana Usiku Ulikula Chungu cha Nani?

Nyumba ipo Ngamiani, mjini Tanga, zile za vyumba sita: vitatu kushoto, vitatu kulia, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Nilimkuta bibi barazani, nikampa shikamoo, nikafungua dodoso. Unaishi na nani, bibi? "Peke yangu, mwanangu." Nikajaza: kaya ya mtu mmoja, mwanamke, miaka 74, mjane. Kabla sijageuza ukurasa, mtoto wa mpangaji wa chumba cha pili akatokea na sahani iliyofunikwa kwa kawa. Bada, yaani ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa. Nikauliza, huletewa mara ngapi? "Kila siku. Kwani mimi nina jiko?"

Nilifuta nikaandika upya. Miaka yote niliyofanya utafiti wa kaya mkoani Tanga, hilo ndilo kosa ninalowaonya zaidi vijana ninaowafundisha kazi.

Kaya si nyumba, wala si ukoo. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja, wakimtambua mmoja wao kuwa mkuu. Nyumba moja ya Ngamiani huweza kuwa na kaya nne au tano, na ukoo mmoja ukawa umetapakaa Pangani, Muheza, Dar es Salaam na Mombasa. Anayekula chungu kimoja na wenzake ni wa kaya yao hata kama analala chumba kingine. Ujerumani zaidi ya kaya 4 kati ya kila 10 ni za mtu mmoja, na kule mtu huyo kwa kawaida ana mlango wake na jiko lake. Uani kwetu jambo hilo lazima uliulizie.

Sensa ya 2012 ilipata wastani wa watu 4.7 kwa kaya nchini. Ile ya 2022 ikapata 4.3. Nimesikia watu wakiitumia tofauti hiyo kudai kwamba familia zinavunjika, na huwa inaniuma. Wastani hushuka pia watu wanapozaa watoto wachache, na vijana wanapopanga vyumba vyao mapema.

Tuwachukue hao vijana. Mvulana akishakuwa mkubwa hupewa chumba cha uani, kisha siku moja anahamia geto na wenzake wawili, Makorora au Mabawa, wakichangia kodi. Kwenye dodoso amehama. Lakini saa mbili usiku utamkuta kwa mama yake, mkono kwenye sinia. Dada yake mara nyingi hatoki mpaka aolewe au apate kazi mbali, na ndoa ikivunjika hurudi. Wanawake wengi wa miaka thelathini na kitu ninaowahoji wakiwa kwa wazazi wao wamerudi hivyo, na mtoto mmoja au wawili. Kaya ya wazazi iliyokuwa imepungua inajaa tena.

Kwenye ndoa za mitala kuna jambo ambalo msomaji wa majedwali hulikosa. Mume mwenye wake wawili katika nyumba mbili huhesabiwa alikolala usiku wa sensa, yaani kwa mke mwenye zamu. Yule mke mwingine anaandikwa mkuu wa kaya yake. Wiki ileile, zamu ikigeuka, majibu nayo yangegeuka.

Uzeeni ndipo wanawake na wanaume wanapoachana njia. Wanaume wengi huoa wanawake wadogo kwao, na wakifiwa huoa tena. Kwa hiyo mzee wa miaka 75 aghalabu ana mke, na bibi wa umri huo aghalabu ni mjane. Bibi huyo nakutana naye sana akiwa na wajukuu: mkuu wa kaya miaka 68, mjukuu 11, mjukuu 8, na katikati hakuna mtu. Wazazi wako Dar, wanatuma pesa kwa simu. Siku hizi nauliza zilikuja lini mara ya mwisho, maana miezi mitatu ikipita bila ujumbe kuingia, mahitaji ya shule na dawa ya presha vinagombea shilingi ileile.

Mzee mmoja sijamsahau. Alikuja Tanga kijana, miongoni mwa manamba walioletwa kukata mkonge, na hakurudi kwao tena. Anakaa na binti wa marehemu mkewe, mume wa binti na watoto wanne. Watu saba, wanafanya kazi, wana bati na umeme. Ukisoma fomu yake hutamwazia kabisa. Nikamuuliza swali langu: jana usiku ulikula chungu cha nani?

Akatazama mlango, akashusha sauti. "Huwa wanakula ndani. Mimi nikiletewa, nala. Jana nilikunywa chai ya mama ntilie wa pale njiani."

Dodoso halina nafasi ya jibu hilo. Nililiandika pembeni kwa mkono, na kabla ya kuondoka kijijini nikapita kwa mwenyekiti wa kitongoji nikamsomea neno kwa neno.