Silinda sita za mstari: ya kijiweni na ya ndani ya injini

Toyota Land Cruiser FJ40 ya zamani, yenye injini ya petroli ya 2F (silinda sita zilizopangwa mstari mmoja), ikianza kulalamika njia ya kupanda kilima cha Bugando hapa Mwanza, kila aliyekaa kijiweni ana dawa yake.

"Panua silinda, weka pistoni za ovasaizi (kubwa kuliko za awali)." Haya, tupige hesabu. Kipenyo cha silinda ni milimita 94, mwendo wa pistoni milimita 101.6, ukizidisha kwa silinda sita unapata ujazo wa cc 4,230. Ukipanua milimita moja nzima unafika kama 4,320. Umeongeza kikombe kimoja cha kahawa ya kijiweni, yaani asilimia mbili. Kupanua ni tiba ya silinda zilizolika. Gari likirudi na nguvu, zimeletwa na ringi mpya za pistoni zinazoziba vizuri, si kile kikombe.

"Funga kabureta kubwa." Kabureta ndiyo inayochanganya petroli na hewa, na hapa kuna chembe ya ukweli. Injini ya silinda sita ni ndefu, kabureta moja ikikaa katikati, silinda ya kwanza na ya sita ziko mbali, na mgao wao wa petroli si lazima ulingane na wa wenzao. Ndiyo maana Jaguar walifunga kabureta mbili, hata tatu, kwenye sita zao. Lakini zile ni injini za kukimbia. 2F huvuta ikiwa mizunguko ya chini, na koo la kabureta likiwa pana mno hewa hupita taratibu, petroli inadondoka badala ya kupulizika.

Tena tuko Mwanza. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takriban asilimia 10. Kabureta iliyopangwa pwani ikifika huku inamwaga petroli kuzidi hewa: plagi nyeusi, moshi mweusi, na mwenye gari anadhani injini imechoka. Anza na jeti (vitundu vya kupitisha petroli kwenye kabureta) ndogo zaidi. Pima nafasi za valvu, weka taimingi (wakati wa cheche) sawa, hakikisha nyaya za plagi zinafuata mpangilio wa kuwaka wa silinda, 1-5-3-6-2-4. Nimeona nyaya mbili zimebadilishana na mzee wa watu ameshaambiwa atafute injini nyingine.

"Toa thamostati, haitachemsha tena." Thamostati ni valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Hii nilimezeshwa mimi mwenyewe, fundi akaitupa mbele ya macho yangu. Kwa miezi mshale wa joto ulilala chini nami nikafurahi, mpaka nilipovuta kijiti cha oili nikanusa petroli. Injini isiyopata joto lake haichomi mafuta yote. Mengine hupenya kwenye ringi na kuifanya oili iwe nyepesi, beringi zikabaki na kinga nyembamba. Baya zaidi, mlima ulipokuwa mrefu ikachemsha vilevile. Chanzo kilikuwa rejeta iliyojaa tope, maana nilikuwa naongeza maji ya ziwani kwa dumu, na kifuniko chake chenye mpira uliokauka. Kwa mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kifuniko kizima hushika mgandamizo na kusogeza kiwango hicho kupita 100. Kilichokufa hakishiki kitu. Nilisafisha rejeta, nikanunua kifuniko kipya, thamostati ikarudi, na sasa natumia kulanti, kimiminika maalumu cha kupozea injini.

Eksozi ya kelele? Inaamsha majirani Pasiansi, basi.

"Sita za mstari zimepitwa, weka V8." BMW hawajaziacha, Mercedes-Benz walizirudia 2017, Mazda wakaingia 2022. Mpangilio huo hujisawazisha wenyewe, mtikisiko wake ni mdogo kuliko wa V6.

Ukiona lazima ubadili, wengi hufunga 1HZ ya dizeli, injini nyingine ya Toyota, nayo ni sita za mstari, cc 4,164. Ni nzito na ina kazi ya kuchomelea vishikio vipya. Namba ya injini iliyo kwenye kadi ya gari nayo haitalingana tena, kwa hiyo utapita TRA (Mamlaka ya Mapato). Kabla ya hayo yote tazama magurudumu: FJ40 za mwanzo zina breki za ngoma kote kunne, na Bugando ina kushuka pia.