Kulegeza udhibiti wa fedha: benki, madeni na bei ya nyumba

Kulegeza udhibiti wa fedha ni pale serikali inapoondoa au kupunguza masharti iliyowawekea wenye benki na wakopeshaji wengine: riba iwe kiasi gani, nani aruhusiwe kufungua benki, mikopo iende kwa nani, anayekopea nyumba atangulize kiasi gani cha fedha yake. Masharti yakiondoka, maamuzi hayo yanabaki kwa benki na wateja wake.

Tanzania tumelipitia hili. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 benki zilitaifishwa, na kwa miaka mingi Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) ilikuwa karibu ndiyo benki ya kila mtu. Serikali ilipanga riba, na mikopo mingi ilikwenda kwenye mashirika ya umma na vyama vya ushirika, ambako mingi haikurudi. Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha ya 1991 ikawaruhusu watu binafsi kuanzisha benki, nazo zikaanza kufungua milango mwaka 1993. NBC yenyewe ikagawanywa mwaka 1997, ndipo ikazaliwa benki ya NMB. Leo mkazi wa Mwanza anachagua benki, anatuma fedha kwa simu, anakopa bila kujuana na kigogo yeyote. Faida hiyo ni ya kweli na sipendi inapobezwa.

Shida ni kwamba kuruhusu ni kazi ya siku moja, kusimamia ni kazi ya miaka. Meridien BIAO, mojawapo ya benki binafsi za kwanza, ilianza 1993 na kufikia 1995 ilikuwa imeanguka. Wakopeshaji wadogo walikaa muda mrefu zaidi bila sheria yao: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilitungwa 2018. Kwenye pengo hilo ndipo ilipostawi mikopo ambayo mtaani inaitwa kausha damu.

Mchukulie mama anayeuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Amekopa shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi anapeleka 200,000, na hiyo ni riba tu. Baada ya miezi mitano ameshalipa milioni nzima, na bado anadaiwa milioni ileile. Zaidi ya hapo, dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inatulia na biashara inapungua, lakini tarehe ya marejesho haisogei. Basi anakopa kwingine ili alipe hapa. Kaya nyingi huzama hivyo, taratibu, wakati kila mkopo ukiutazama peke yake unaonekana mdogo.

Kwenye nyumba mambo huenda kwa njia nyingine. Mikopo ikiwa rahisi, wanunuzi wengi wanakuja na fedha nyingi kwa wakati mmoja, ilhali ardhi haiongezeki. Mtaa wa Capri Point, Mwanza, umebanwa na mawe upande huu na ziwa upande ule. Hakuna benki inayoweza kuupanua. Fedha mpya inaishia kupandisha bei. Bei ikipanda, nyumba ileile inakuwa dhamana ya mkopo mkubwa zaidi, na mkopo huo unaipandisha bei tena.

Uswidi iliondoa ukomo wa mikopo ya benki mwaka 1985. Mikopo na bei za majengo zikapaa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikaporomoka, serikali ikalazimika kuziokoa benki. Marekani iliondoa vizuizi hatua kwa hatua, kuanzia ukomo wa riba miaka ya 1980 hadi ukuta kati ya benki za kawaida na za uwekezaji mwaka 1999. Wataalamu hawakubaliani kila hatua ilichangia kiasi gani, ila mikopo ya nyumba ilitolewa hata kwa wasio na kipato cha kuilipa, na Septemba 2008 benki kubwa ya uwekezaji, Lehman Brothers, ikafilisika.

Kwetu mkopo rasmi wa nyumba bado ni wa wachache. Benki ya Nyumba ilikufa 1995, na sheria mahususi ya mikopo ya nyumba ilikuja 2008. Wengi wanajenga kidogo kidogo, kwa mkopo wa mshahara au fedha za kikundi, kiwanja Buhongwa au Kisesa, pembezoni mwa Mwanza, kwanza, matofali baadaye. Kwa hiyo mikopo ikilegea hapa, nadhani tuitazame kwanza bei ya viwanja.

Je, dawa ni kurudisha ukomo wa riba? Kenya ilijaribu kuanzia 2016, na mikopo kwa wafanyabiashara wadogo ikapungua kwa sababu benki ziliona heri zikopeshe serikali. Ukomo huo ukafutwa 2019. Huku kwetu Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wasiopokea amana ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mama wa Mwaloni hiyo ni shilingi 35,000 badala ya 200,000. Ila ukomo huo unamsaidia tu kama aliyemkopesha ana leseni, na kama ada za fomu, bima na faini hazikuingizwa kwenye mkataba kufidia riba iliyopunguzwa.