Figo imeshapandikizwa, undugu unaendaje? Maswali na majibu

Nilimchangia kaka figo. Tangu apone ananikwepa, hata simu hapokei. Nimemkosea nini?

Pengine hujamkosea kitu. Aliyepokea kiungo mara nyingi hubeba mzigo asiojua atautua wapi. Akikuona anakumbuka kovu lako ubavuni, anajiuliza atakulipa nini. Wapo wanaojitenga, na wapo wanaoshindwa kukukatalia lolote, iwe mkopo au kipande cha shamba. Hapa kwetu Tanzania, tangu upandikizaji uanze hospitali ya Muhimbili mwaka 2017 na ile ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018, figo hutoka kwa ndugu, kwa hiyo mtakutana tu kila msiba na kila harusi.

Mfuate muwe wawili, bila kikao cha ukoo. Mwambie waziwazi kwamba humdai. Ukishasema hivyo, siku mkigombana kuhusu urithi usije ukamwambia "bila mimi ungekuwa umeshazikwa." Kauli hiyo haifutiki kwa kuombana radhi.

Mume wangu alimpa mdogo wake figo. Sasa shemeji anaruka dawa. Tumkemee?

Hofu yenu ina msingi. Dawa zinazozuia mwili kuikataa figo, kama takrolimasi, humezwa kwa saa zilezile kila siku, muda wote figo hiyo inapofanya kazi. Kuruka dozi ni njia mojawapo kubwa ya kuipoteza.

Lakini kabla ya kukemea, muulizeni kulikoni. Huenda dawa zimemwishia na hana hela. Huenda mikono inamtetemeka, au uso umemvimba kwa predinisoloni, mojawapo ya dawa hizo, na watu wanamcheka. Mambo hayo daktari anaweza kuyarekebisha akiambiwa, ila mgonjwa huyaficha, hasa kwa yule aliyemchangia, kwa kuona aibu. Mhimizeni arudi kliniki upesi, asisubiri tarehe. Zaidi ya hapo, mwacheni aishi. Figo ile ni yake sasa.

Figo ikifa, nani wa kulaumiwa?

Mara nyingi hakuna. Hata inayotunzwa vizuri ina mwisho wake. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa ulifanyika Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954: Ronald Herrick alimpa figo Richard, pacha wake wa kufanana. Richard akapona, akamwoa nesi aliyemuuguza, wakapata watoto wawili. Baada ya miaka 8 maradhi yaleyale yaliishambulia figo mpya, akafariki. Ronald aliendelea kuishi mpaka 2010.

Ikitokea kwenu, mchangiaji ataomboleza, na aliyepokea atajiona mkosaji. Wote wawili wapeni nafasi ya kulia, na ombeni mshauri nasaha hospitalini. Msianze kumsaka mchawi.

Na mchangiaji, nani anamwangalia?

Hapa familia nyingi hukosea, na inaniuma. Wageni wanakuja na matunda kwa mgonjwa, huku mchangiaji, aliyepasuliwa akiwa mzima, anaulizwa atarudi lini kazini. Naye anahitaji kupimwa kila mwaka: shinikizo la damu, kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo inavyochuja), na protini kwenye mkojo. Asimeze dawa za maumivu kama dikilofenaki au ibuprofeni bila ushauri wa daktari. Mwanamke aliyechangia akitaka ujauzito awaeleze kliniki mapema, kwani uwezekano wa kupata kifafa cha mimba huongezeka kiasi. Ndugu aliyepokea anaweza kukumbuka tarehe hizo za vipimo, akampigia simu, wakaongozana.