Kuvuja mkojo si kodi ya kuzaa

Dhana: "Ukishazaa, mkojo kutoroka ni kawaida. Vaa kitambaa, unyamaze."

Ukweli: Huwapata wengi, lakini si jambo la kuvumilia maisha yote. Chini ya tumbo, toka mfupa wa mbele hadi kifandugu, iko misuli iliyotandikwa kama machela. Ndiyo inayobeba kibofu, mji wa mimba na utumbo. Mimba huilemea miezi tisa, kisha mtoto akipita huivuta. Ikilegea, ukikohoa au ukipanda mlima wa Kadutu hapa Bukavu na bidoni ya maji ya lita 20, matone yanatoka.

Misuli hii hufundishika. Kaza kana kwamba unazuia upepo na mkojo kwa pamoja, ukivuta kwenda juu, bila kubana makalio wala pumzi. Hesabu hadi tano, legeza kabisa, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Anza ungali na mimba. Tofauti huonekana baada ya miezi mitatu hivi, basi mama, usikate tamaa wiki ya pili.

Dhana: "Aliyezaa kwa kupasuliwa hana shida hiyo."

Ukweli: Hupungua, haiishi. Mzigo wa mimba aliubeba vilevile.

Dhana: "Kitenge kikikazwa sana, tumbo linarudi."

Ukweli: Mkono wa mama mkwe unaofunga kile kitenge ni upendo, siubezi. Lakini kitambaa hakijengi misuli, na kukibana mno husukuma uzito chini, palepale palipolegea. Misuli miwili ya tumbo huachana katikati wakati wa mimba. Kwa wengi hukaribiana yenyewe ndani ya wiki 8. Kwa wiki 6 za kwanza usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wako. Najua maji hayajileti nyumbani. Baba watoto, bidoni hiyo ni yako.

Dhana: "Anayevuja mchana na usiku amerogwa."

Ukweli: Mkojo unaotiririka bila kukoma, hasa baada ya uchungu uliochukua siku nzima au zaidi, mara nyingi ni fistula: tundu kati ya kibofu na uke. Hapo zoezi haliponyi, tundu hushonwa. Kazi hiyo hufanywa hapa hapa Bukavu, katika Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa 1999 na daktari Denis Mukwege. Hata aliyevuja miaka mingi hupokelewa.